Vijiti vya Saba Saba

Afisa elimu kutoka Mbulu alikivunja kijiti katikati, akakinusa, kisha akajichora nacho kwenye kiganja. Mstari ukatokea mwekundu, mnene. Akacheka peke yake.

"Mwalimu Wilibrodi, hivi umevitoa wapi? Mimi mwenyewe ofisini sina chaki. Naandika kwa mkaa kama mchunga mbuzi."

"Ni mama watoto, ndugu afisa," Wilibrodi akajibu, mikono nyuma. "Udongo wa korongoni tu. Hakuna cha kununua pale."

Marsela alikuwa nje ya dirisha na sufuria ya uji wa mgeni, hajui aingie au asubiri. Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni ilikuwa hadithi, sukari ilikuwa ndoto, na shule yao ya huku Buger ilikuwa imepewa boksi moja la chaki kwa muhula mzima. Ndipo yeye, mke wa mwalimu wa darasa la kwanza, aliposhuka korongoni na jembe. Udongo mweupe aliutoa ukingoni, mwekundu akauchimba chini ya mizizi, wa manjano akaukuta pale greda lilipokwangua barabara. Aliutwanga, akauloweka, akauchuja kwa kanga iliyochakaa, akauacha utuame siku mbili. Akamwaga maji ya juu, akaukanda na gundi ya mgunga, akausukumia ndani ya vipande vya mwanzi utoke vijiti. Vijiti huanikwa kivulini. Ukivianika juani vinapasuka kama kisigino cha mkulima. Darasa zima likawa linachora ng'ombe wekundu na mahindi ya manjano kwenye vipande vya maboksi, na wazazi waliokuwa hawajui shule ina faida gani wakaanza kuvibandika ukutani.

"Mwite huyo mama," afisa akasema.

Marsela akaingia, akakunja goti kidogo, sufuria bado mkononi.

"Mama, Saba Saba tunapeleka maonyesho mkoani. Wenzetu watapeleka maboga, kila mwaka ni maboga. Mimi nataka vijiti mia mbili, rangi zote. Gari litapita kuvichukua Alhamisi ya kabla ya sikukuu. Na huyu mwalimu wako nitamtafutia nafasi ya kozi. Ameishi na hii UPE kutosha."

Walimu wawili vijana waliokuwa mlangoni walitazamana. Walikuwa na utani wao juu ya walimu wa UPE, waliopewa madarasa bila kupita chuo: UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu. Wilibrodi alikuwa katekista kabla ya kukabidhiwa darasa. Umri wake arobaini na tisa, na hao vijana wa chuoni walikuwa wakimtuma awatafutie maji ya kunawa.

"Mia mbili vitapatikana, ndugu afisa," akasema haraka, kabla mkewe hajafungua kinywa.

Gundi ilikuwa inatoka kwa Namunyak, mama wa Kimaasai aliyeshuka kutoka upande wa kreta kila siku ya mnada Karatu. Alileta fuko la gundi, akaondoka na maharage. Siku ya mnada Marsela alimkuta amekaa chini peke yake, na uwanja wa ng'ombe ni mtupu, vumbi halijaguswa hata na kwato moja.

"Yeyo, mama, leo sina," Namunyak akamwambia hata kabla ya salamu kuisha. "Ng'ombe wamefungiwa. Karantini. Soko imefungwa, njia imefungwa, mbuzi hapiti. Mimi nimekuja kwa miguu kutafuta mahindi. Nani atakwenda kuchuma gundi?"

"Watafungua lini?"

"Uliza daktari ya ng'ombe. Mimi ni mama ya ng'ombe, siyo daktari yao."

Wakacheka, maana kulia kusingefungua soko. Namunyak akafungua pindo la shuka, akatoa gundi isiyojaa hata ngumi. "Shika. Hii ni ya urafiki."

Ilitosha vijiti thelathini. Zikabaki wiki tatu, na vijiti mia na sabini.

Njia ya Marsela ya kurudi nyumbani ilipita kando ya ua wa minyaa uliozunguka shamba lao. Alikuwa ameupita kila siku kwa miaka ishirini na sita, bila kuutazama. Siku ile aliutazama. Babu yake alikuwa akishikiza kisu kwenye mpini kwa maziwa ya mnyaa, na mpini ule haukulegea mpaka mzee alipozikwa. Marsela akavunja tawi moja, maziwa meupe yakachuruzika, akayagusa kwa ncha ya jani. Yakanata. Kila mtoto wa Buger anajua, hata kabla ya kujua kuhesabu, kwamba maziwa yale yakiingia jichoni unapofuka na yakiingia tumboni unakufa. Lakini nani anakula chaki?

Alifunga matambara mikononi, akakinga nusu ya kibuyu.

Vijiti vikatoka vizuri kuliko vya mwanzo. Vilikuwa vigumu, laini, havitoi vumbi, ukichora vinateleza vyenyewe. Wilibrodi alikipima kimoja juu ya kipande cha boksi, akageuka na uso ambao mkewe hakuwa ameuona tangu harusi yao.

"Hii gundi ya leo ni ya wapi? Imepita ile ya kwanza."

"Ni ileile ya Namunyak," Marsela akasema.

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anayejibu salamu. Aliogopa tu mumewe asije akasema vianzwe upya, na siku hazikuwepo. Isitoshe wifi yake Germana, dada mkubwa wa Wilibrodi, alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili mbona kijiji hakifundishwi ufundi huo, kana kwamba Marsela ameuiba kanisani.

Mle nyumbani walikuwa watatu. Mtoto wao wa pekee, Piusi, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, anakuja mwisho wa mwezi. Mkewe Lusia aliishi na wakwe, ana mimba ya miezi sita. Mwaka uliopita ilimtoka moja changa, na tangu hapo Germana akija hamwangalii usoni, anamwangalia tumbo.

Lusia alikuwa na hamu ya udongo. Ni jambo la kawaida kwa wajawazito, na mnadani kuna wanawake wanaouza udongo mweupe wa kula, vidonge virefu kama vidole. Lakini tangu karantini hata hao hawakuonekana. Akaanza kubandua lipu ya ukuta nyuma ya kitanda. Kisha akagundua vijiti vya mkwewe, vile vya mwanzo, vya gundi ya mgunga. Marsela aliona alama za meno kwenye kijiti cheupe, akacheka moyoni. Mjukuu wangu anataka shule kabla hajazaliwa, akawaza. Udongo ni uleule, gundi ya mgunga hata watoto wanaitafuna. Akaacha.

Vilipokuja vijiti vya mnyaa, akaviweka kwenye ungo, akaupandisha darini.

"Lusia."

"Abee, mama."

"Vijiti vya darini usiviguse. Hivyo ni vya serikali."

"Ndiyo, mama."

Hakusema zaidi. Ili aseme zaidi ilibidi autaje mnyaa, na uongo wa juzi ulikuwa bado mbichi. Alijiambia kwamba mkwe mtii kama yule haambiwi mara mbili, na kweli Lusia hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Ila hamu ya mimba haina adabu.

Jumatatu Marsela alihesabu vijiti mia na arobaini na sita. Jumatano, mia na arobaini na moja. Marsela alisimama juu ya kigoda, kichwa darini, akahesabu tena. Aliposhuka nje akamkuta Lusia anapukuchua maharage pamoja na Germana, na kwenye pembe ya mdomo wa binti kuna vumbi jeupe.

Germana naye aliliona.

"We Lusia, unalamba nini hapo? Unakula ukuta wa kaka yangu?" Akacheka kwa sauti. "Nyumba itatuangukia! Mwanamke gani huyu, badala ya kuzaa anabomoa."

Lusia akajifuta kwa kiganja, macho chini, machozi yako karibu.

"Mwache, wifi," Marsela akasema. "Ni unga. Nimemtuma kuchekecha unga sasa hivi."

Lusia akamtazama mkwewe kwa shukrani ambayo baadaye Marsela angetoa roho yake ili asiwe ameipokea. Alikusudia kusema naye Germana akiondoka. Germana akakaa mpaka jua limeinama. Alipoondoka, mbuzi wa jirani wakaingia kwenye maharage. Kisha Wilibrodi akarudi na njaa. Kisha asubuhi yake Marsela akawahi korongoni kuchimba udongo wa manjano, maana Alhamisi ya gari ilikuwa imebaki wiki moja. Alikumbuka akiwa kule, jembe mkononi. Nikirudi, akasema.

Aliporudi Lusia alikuwa amelala kwenye mlango wa jikoni, amekunja magoti, anatapika povu lenye rangi. Midomo imevimba.

"Mama, tumbo linaungua. Mama, linaungua!"

Na damu ilikuwa imeanza.

Wanaume wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka zahanati, mwendo wa saa mbili na nusu, ukungu wa mwezi wa sita umekaa kwenye vilima na njia ni utelezi. Muuguzi alikuwa mmoja, mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimwangalia Lusia mdomoni, akamgeukia Marsela.

"Amekula nini huyu?"

"Ugali," Marsela akasema. "Ugali na maziwa."

"Maziwa ya nini?"

Swali lilikuwa la kawaida tu, la mtu anayejaza karatasi. Marsela akawahi kulijibu.

"Ya ng'ombe."

"Mama, mimi hapa sina kitu. Sina dripu, sina hata glovu, nafua hizihizi. Kama kuna dawa ya kienyeji mmempa, sema. Sitawafunga."

Lusia, pale kitandani, akatikisa kichwa mara nyingi: hakuna dawa, hakuna. Marsela akasema hakuna. Muuguzi akaandika, akampa maji ya chumvi anywe kidogo kidogo, na jioni haijafika mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume. Alikuwa na kucha. Marsela alimfunga kwenye kanga yake mwenyewe, na wanaume wakarudi naye kumzika, yeye akabaki.

Kesho yake, jua limetoka na muuguzi yuko nje anafua glovu zake, Lusia alimshika mkwewe mkono.

"Mama, usimwambie mwalimu."

"Nisimwambie nini, mwanangu?"

"Nilikula vijiti vya serikali. Ulinikataza. Nilipanda kigoda nikachukua, siku tatu mfululizo. Na wewe ulinitetea kwa shangazi, na mimi nilikuwa mwizi." Alikuwa anaongea taratibu kwa sababu ya midomo. "Mungu ameniona. Amechukua na chake."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Chumba kilikuwa kitupu. Marsela alifungua kinywa, na kilichotoka ni: "Kunywa maji, mwanangu. Kunywa."

Zamani, nyumba iliyopotewa na mimba ilikaa pembeni. Mama yule haingii kwa watu, hachoti maji kisimani pamoja na wenzake, na watu hawaingii kwake mpaka miezi ihesabiwe. Wazee waliita hali hiyo metimani. Padri aliukemea mwiko huo kila mwaka, na kila mwaka waumini waliitikia amina, kisha wakaufuata chinichini. Lusia aliporudishwa nyumbani, jirani waliokuwa wakibadilishana nao maziwa wakaacha. Watoto waliokuwa wakipita uani kwenda shule wakazunguka kwa chini. Salamu zikawa zinarushwa kutoka mbali.

Piusi alifika Jumamosi. Alikaa na mkewe kimya, akaenda nyuma ya ghala akalia, akatoka amenawa uso. Jumapili mchana akaondoka, maana kule shambani asiyeonekana Jumatatu nafasi yake hupewa mwingine. Mambo aliyaacha kwa wazee. Wazee maana yake ilikuwa Germana.

Yeye hakuingia ndani; alisimama kwenye lango la boma, akapaza sauti ili hata Lusia asikie kitandani.

"Kaka, hii ni ya pili. Mtaendelea kupanda kwenye jiwe? Nimetuma ujumbe kwa Hhando aje amchukue binti yake. Jumatano atakuwa hapa. Tumbo la yule lina mkosi, na mkosi haukai nyumba moja, unahamia kwa jirani. Mimi nina binti zangu wanaozaa."

"Dada, taratibu," Wilibrodi akasema.

"Taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa."

Jumanne asubuhi Wilibrodi alikuwa anavipanga vijiti kwenye boksi, safu kwa safu, anatia majani makavu katikati visivunjike. Marsela alisimama mbele yake.

"Baba Piusi. Ile gundi haikuwa ya Namunyak."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mnyaa."

Mikono ya Wilibrodi ikasimama. Alikiangalia kijiti alichoshika, akakiweka chini polepole.

"Na Lusia alikuwa anavila," Marsela akamaliza. "Nilijua."

"Darasani viliingia?"

"Hapana. Vya darasani ni vile vya mwanzo. Vya mnyaa vyote viko kwenye hilo boksi."

Wilibrodi akashusha pumzi. Marsela aliiona pumzi ile ikishuka, na ikamuuma kuliko kama angempiga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi ibaki hapohapo. Mama Piusi, nisikilize. Mimba hutoka. Ile ya kwanza ilitoka bila mnyaa. Nani ana hakika? Keshokutwa gari linakuja. Ukisema leo, kesho nzima Buger itasema mke wa mwalimu amesaga sumu akaipeleka shule. Hawatauliza ni boksi gani."

"Na Lusia?"

"Lusia bado kijana. Atapata mume mwingine. Mimi kozi nyingine sitapata."

Alisema hivyo, kisha akainamisha kichwa, mtu aliyejisikia mwenyewe.

"Na hao wa mkoani?" Marsela akauliza. "Watashika, watoto wao watashika."

"Watu wa maonyesho hawali vijiti."

"Mimi nami nilisema hivyohivyo," Marsela akasema.

Wilibrodi aliendelea kupanga.

Hhando alikuja Jumatano kabla ya saa nne, na punda. Alikuwa mzee mrefu, blanketi begani, anayeongea kidogo. Hakuingia ndani, akaketi kwenye gogo la nje ya ukuta, na uji alioletewa aliushukuru bila kuugusa. Germana alikuwa amefika mapema, amesimama kando na wazee wawili wa jirani wa kushuhudia. Vitu vya Lusia vilikuwa vimekwisha kutolewa: bunda la nguo, sufuria mbili, jembe, godoro la majani. Lusia mwenyewe alikaa kizingitini amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo, mkwe," Hhando akasema.

"Milele, amina," Wilibrodi akajibu.

"Nimeitwa, nimekuja. Ninasikia binti yangu ana kasoro."

"Si kasoro, ni..." Wilibrodi alianza, hakumaliza.

"Ni kasoro, tuiite jina lake," Germana akasema. "Mzee Hhando, wewe ni mtu mzima, hatutafichana. Ng'ombe mliowapokea hatuwadai leo, tutazungumza siku nyingine. Lakini tumbo la binti yako linaua. Hata kwenu mngejua mngetwambia."

Hhando aliitazama mikono yake. Mzee wa watu alikuwa ametembea tangu alfajiri aje aambiwe hivyo mbele ya mashahidi. "Kwetu hajawahi kuugua," akasema. "Ila siwezi kubishana na makaburi. Lusia, simama twende."

Lusia akasimama. Alikuwa bado anajishika ukuta.

"Akae," Marsela akasema.

"Mama Piusi," mumewe akamwonya kwa sauti ya chini.

"Akae chini. Mzee Hhando, tumbo la binti yako ni zima. Mimi ndiye niliyeua."

Hakuna aliyejongea. Hata Germana.

"Vijiti vile vya shule. Gundi iliisha nikatia maziwa ya mnyaa. Nikadanganya kwamba ni gundi. Binti yako ana hamu ya udongo, kama mimi nilivyokuwa nayo kwa Piusi, kama kila mtu hapa. Akavila."

"Uongo!" Germana akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Unamkinga tu. Umemzoea."

Hhando hakumgeukia Germana. "Ulijua mnyaa ni sumu?"

"Nilijua."

"Ulijua anavila?"

Marsela angeweza kuishia hapo, pakatosha.

"Nilijua. Kabla ya siku ile. Niliona vumbi mdomoni, nikasema nitamwambia baadaye. Nikaenda korongoni."

Mzee mmoja wa jirani akajikohoza, akatazama pembeni. Wilibrodi aliingia ndani. Wote walifikiri amekimbia aibu. Akatoka na boksi kifuani, akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akaingia chooni kule nyuma. Walisikia vijiti vikianguka shimoni, vingi, muda mrefu, kisha boksi lenyewe. Akarudi mikono mitupu, akasimama kando ya mkewe, hakumgusa lakini alisimama.

"Mkwe," akasema, "basi unaona. Hana mkosi binti yako. Mrudishe punda. Vitu hivi nitavirudisha ndani mwenyewe."

"Basi abaki," Germana akasema haraka, akiwatazama mashahidi. "Kama tumbo ni zima, abaki. Mimi nilisema kwa nilivyoona."

Marsela alikuwa anamtazama Lusia peke yake. Kwa siku tano alikuwa amefikiria ataitwa nani, atatemewa mate na nani, padri atasema nini. Yote hayo aliyakubali, kwa tumaini moja tu: kwamba akisema, huyu atabaki. Alimpenda. Alikuwa amemfundisha kupika magadi, alikuwa amemsuka nywele, na katika nyumba ile ya wanaume wasiosema, Lusia ndiye aliyekuwa anamuuliza asubuhi amelalaje.

Lusia alishusha kanga kichwani. Alikuwa mweupe kama majivu.

"Nilimwomba Mungu msamaha," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Tangu zahanati. Kila nikiamka. Nilikwambia, mama. Ulikuwa umenishika mkono. Ukaniambia ninywe maji."

"Lusia, mwanangu..."

"Kama lingekuwa kosa langu ningebaki. Ningewaomba radhi mpaka nizeeke, hata shangazi akinitukana ningebaki. Sasa nitakula kwa mkono wa nani humu ndani?"

Wilibrodi akasema Piusi ataitwa, wazee watakaa, kosa lina malipo yake. Hhando akainua mkono kidogo tu, na Wilibrodi akanyamaza.

"Amejibu," mzee akasema. Kisha akamgeukia Marsela. "Nakushukuru, mama. Nilikuja kumchukua mwenye aibu, narudi na mtu. Hilo umenipa." Akampa mkono, kwa heshima zote za mkwe, mkono mkavu wa mkulima. Marsela aliona afadhali mzee angempiga.

Wakafunga vitu juu ya punda. Marsela alinyanyua bunda la nguo ili alisogeze, Lusia akalipokea taratibu, bila kulinyang'anya, akalifunga mwenyewe. Mashahidi wakaaga. Germana aliondoka kwa njia ya shambani bila kuaga mtu. Hakuna wa kumsindikiza Lusia nje ya lango, kwa mwiko wa siku zile, isipokuwa Marsela, ambaye mwiko ulikuwa wake pia.

Alitembea nyuma yao mpaka mwisho wa shamba. Akasimama. Ukungu ulikuwa umeinuka, na huko chini njia ilionekana ikigawanyika mara mbili kwenye mteremko.

"Lusia!" akaita. "Shikeni njia ya juu. Ile ya chini ina utelezi, na wewe bado huna nguvu!"

Lusia hakugeuka.

"Ndiyo, mama," akaitikia.

Wakafika penye panda. Baba yake alikuwa amekwisha kuielekea ya chini, iliyo fupi. Lusia akamkamata punda kamba ya shingoni, akampitisha njia ya juu.